Udaktari wa watu wanne na tuta la Mkondoa

Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata, popote nchini, kuna daftari lisilokosekana mezani: kitabu cha wageni. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula na kalamu ya bluu, na juu pameandikwa tarehe, jina, anakotoka, sababu ya kuja, saini. Kilosa, mkoani Morogoro, ni wilaya ambayo safu hiyo ya nne imelizoea neno utafiti. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro mjini. Chuo Kikuu Mzumbe kiko kwenye barabara ya Iringa, kabla hujaifikia mbuga ya Mikumi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicholeta mbegu za mahindi kama Staha, kipo jirani na Kilosa mjini tangu miaka ya 1940. Wasomi hawajawahi kuwa mbali na watu hawa.

Mgeni huja na barua iliyopita kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka kwa katibu tawala wa wilaya, ikaguswa na mkurugenzi, hadi ikamfikia mtendaji. Mazungumzo yao hufanana kila mahali.

"Karibu sana, dokta."

"Bado, mzee wangu, ndiyo kwanza nasoma."

"Utakuwa tu. Kaa."

Anakaa, anasaini, kisha anazunguka kaya kwa kaya na dodoso lake. Anaongea na wazee chini ya mwembe, anapiga picha mbili tatu, anashukuru, anapanda basi. Baada ya miaka kadhaa anaitwa dokta kwa haki. Tasnifu yake, kurasa mia mbili na ushee za Kiingereza, iko maktaba. Mtendaji aliyemkaribisha ameshahamishwa, na aliyekalia kiti chake leo hajui kama kulikuwa na utafiti wowote.

Fungua tasnifu hiyo. Kurasa za mwanzo utakuta tamko ambalo kila mhitimu hulisaini: kwamba kazi hii ni yake mwenyewe na haijawahi kuwasilishwa chuo kingine kwa shahada ya namna hiyo. Ni tamko la lazima. Bila hilo shahada ingekuwa bidhaa ya sokoni, na tuna sababu ya kuogopa: Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na tangu siku hiyo cheti cha mtu hapa kwetu hutazamwa kwanza kwa jicho la mashaka.

Lakini tamko hilo lilitungwa kwa ajili ya msomi ambaye kazi yake ni kusoma na kufundisha. Siku hizi wanaolisaini ni pamoja na wakurugenzi wa halmashauri, maafisa elimu, waganga wakuu, mameneja wa mashirika ya umma, wakuu wa shule, maaskofu na makanali. Hawa wanataka udaktari ili wakaongoze vizuri zaidi, au walau ndivyo wanavyoandika kwenye fomu ya maombi. Na kiongozi hafanyi kazi peke yake hata siku moja. Kila anachokitia saini kimepita mikononi mwa watu wengine saba. Tunampima kwa mtihani wa upweke, kisha tunamrudisha kwenye kazi isiyo na upweke wowote.

Hoja ya makala haya ni kwamba kwa watu wa aina hiyo, mradi wa kuhitimu unaofanywa na timu ni mtihani mgumu zaidi kuliko tasnifu ya mtu mmoja, na kwa mazingira yetu unafaa zaidi. Mahali pa kuupimia ni Magomeni. Siyo ile ya Dar es Salaam, ambako mtu atakuuliza kama ni Mapipa au Mikumi. Hii ni kata ya wilaya ya Kilosa, na Mikumi yake ni ile yenye tembo.

Wenzetu wameanza kitambo. Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa shahada yake ya kwanza ya udaktari wa elimu, ile iitwayo Ed.D., mwaka 1921. Nia ilikuwa nzuri: wakuu wa shule na wasimamizi wa elimu wapate shahada yao, tofauti na ile ya mtafiti. Miaka ikapita, na shahada hiyo ikageuka mdogo wake PhD: tasnifu ileile, miaka ileile, ila heshima pungufu. Mwaka 2006 Lee Shulman na wenzake wa Taasisi ya Carnegie waliandika waziwazi kwamba shahada hizo mbili zimechanganyikana hadi hakuna hata moja inayofanya kazi yake sawasawa. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa vyuo kadhaa vya Marekani wa kuufikiria upya udaktari wa elimu, na tangu hapo tatizo la kazini, yaani jambo lililomkwamisha mtu ofisini kwake, likawa mahali pa kuanzia badala ya pengo katika maandishi ya wasomi. Uingereza nako, Bristol ilikuwa imefungua udaktari wa elimu wa aina hiyo tangu 1992.

Waliothubutu kwenda mbali zaidi ni Chuo cha Peabody, ndani ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Nashville. Waliiondoa tasnifu ya mtu mmoja kwenye udaktari wao wa uongozi wa elimu. Badala yake wanafunzi wachache waliwekwa pamoja wakapewa mwenyeji: wilaya ya elimu, chuo, au shirika lenye tatizo halisi na linalosubiri jibu. Walikwenda, wakakusanya takwimu, wakachambua, wakaandika ripoti moja, wakasimama mbele ya mwenyeji kuieleza. Harvard yenyewe, ilipoanzisha udaktari mpya wa uongozi wa elimu mwaka 2010, ilimpeleka mwanafunzi kukaa mwaka mzima ndani ya taasisi na kufanya kazi yake, lakini maandishi ya mwisho yakabaki ya mtu mmoja mmoja. Hata huko, basi, wanakubaliana juu ya tatizo la kazini na mwenyeji. Juu ya timu bado wanavutana.

Hapa Afrika Mashariki udaktari wa usimamizi wa biashara upo, Nairobi na kwingineko, na aghalabu huishia kwenye tasnifu ya mtu mmoja. Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Finland, imekuwa ikiwafundisha watendaji wa ngazi za juu na kutoa stashahada ya uzamili ya uongozi pamoja na Chuo Kikuu cha Aalto. Mzumbe, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2001, kilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo tangu 1972, na mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953, ambako wakoloni waliwafunza machifu na makarani wao. Kwa hiyo kuwasomesha viongozi si jambo geni upande huu wa Morogoro. Udaktari wa timu ndio mgeni.

Au tuseme ni mgeni nusu. Kuanzia 2013 hadi 2018 ulifanyika mradi mkubwa wa utafiti uitwao Trans-SEC, chini ya taasisi ya ZALF ya Ujerumani na Chuo Kikuu cha Sokoine, ukishirikisha taasisi nyingi nyingine. Ulichagua mikoa miwili: Dodoma yenye mvua haba na Morogoro yenye nafuu. Dodoma walikaa Ilolo na Idifu, wilayani Chamwino. Morogoro walikaa Changarawe na Ilakala, zote za Kilosa. Walianza kwa kuhoji takriban kaya 900. Kisha wakafanya jambo ambalo watafiti wengi hulikwepa kwa sababu linachosha: wakawaachia wanakijiji wachague wenyewe ni mbinu zipi zijaribiwe. Ikaja mashine ya kupukuchulia mahindi, ikaja mbolea ya kuweka kidogo kidogo shimoni badala ya kumwaga, yakaja majiko banifu, bustani za mboga za nyumbani, mifuko ya kuhifadhia nafaka, matuta ya kukinga maji ya mvua. Kila mbinu ikawa na kikundi chake cha wakulima.

Ndani ya mradi huo walikuwemo wanafunzi wa uzamivu, Wajerumani na Watanzania. Walishirikiana katika takwimu na vijiji, na bila shaka gari na vumbi la barabara moja. Huyu anaangalia udongo, yule lishe, mwingine soko, mwingine namna kikundi kinavyogombana juu ya mashine. Ukiwaweka pamoja unapata picha ya kijiji kizima. Ulipofika wakati wa kuandika, kila mmoja akaingia chumbani kwake. Kazi ilikuwa ya timu, shahada ikawa ya mtu mmoja. Siwalaumu, kanuni za vyuo ndivyo zinavyotaka, na kwa watafiti chipukizi huenda ni sawa. Ila ukimtafuta mtu mmoja aliyetakiwa kutetea mbele ya jopo jinsi udongo unavyohusiana na soko na jinsi soko linavyohusiana na ugomvi wa kikundi, humpati. Kila mmoja alitetea kipande chake. Maisha ya mkulima wa Changarawe hayana vipande.

Hapo ndipo naomba msomaji turudi Magomeni, Kilosa mjini, kwenye mto.

Mkondoa hutoka mbali. Huko juu, upande wa Dodoma, huitwa Kinyasungwe. Hupita Gulwe na Kidete kwenye bonde jembamba, huteremka Kilosa, na hatimaye maji yake huingia Wami na kwenda baharini. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati mwanzoni mwa karne iliyopita waliifuata njia ya mto huo, kwa sababu bonde lilikuwa limeshafanya kazi ya kupasua milima. Tangu hapo reli na mto vinagombea nafasi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulishinda. Bwawa la Kidete halikuhimili, tuta la kuzuia maji ya Mkondoa likabomoka, njia ya reli ikasombwa, na watu zaidi ya 20,000 wakabaki bila makazi. Shule ziligeuka kambi. Mahema yalikaa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyoahidi. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, upande wa kaskazini wa wilaya, ambako maji yaliharibu daraja kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Leo reli ya kisasa imepita Kilosa kwa mahandaki na madaraja, na treni ya umeme inafika Dodoma tangu Julai 2024. Mto uko palepale.

Sasa jiulize swali moja dogo: nani analipa kutunza tuta la Mkondoa katika mwaka ambao hakuna mafuriko?

Nalipenda swali hili kwa sababu halina ofisi. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Reli ni ya TRC. Barabara za wilaya, tangu 2017, ni za TARURA. Maji ya kunywa vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA. Utabiri ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maafa yakishatokea ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mashamba yaliyopandwa hadi mguuni mwa tuta, mifugo inayopanda juu yake kwenda kunywa, shule na zahanati zilizo bondeni, vyote hivyo viko mikononi mwa halmashauri. Na miti iliyokatwa huko juu yanakoanzia maji iko wilaya nyingine ya mkoa mwingine kabisa. Kila ofisi ina faili lake, bajeti yake na bosi wake. Mwaka wa mafuriko wote huja na mabuti. Mwaka wa ukame tuta ni la kila mtu, na kila mtu ana kazi nyingine.

Mpe swali hili mwanafunzi mmoja wa uzamivu. Kama ni mhandisi atapima kimo cha tuta na kasi ya maji, ataandika sura nzuri kabisa, na katika mapendekezo atasema jamii ielimishwe. Kama ni mtu wa sayansi ya jamii atawahoji wafugaji na wakulima, ataandika sura nzuri kabisa, na katika mapendekezo atasema wahandisi washirikishwe. Nimezisoma tasnifu za namna hiyo. Kila moja humrushia mwenzake mpira kwenye ukurasa wa mwisho.

Mpe sasa watu wanne, wote wakiwa na miaka kumi na zaidi kazini, wote wakitafuta shahada moja: mhandisi wa reli, ofisa wa bonde la maji, afisa mifugo wa wilaya na mkuu wa shule ambayo mafuriko yakija hugeuka kambi. Mhandisi ana michoro ambayo afisa mifugo hajawahi kuiona. Afisa mifugo anazijua njia za ng'ombe, na anajua ni zipi zimekata tuta kiasi kwamba mbuzi hapandi tena, anapita. Ofisa wa bonde anajua nani ana kibali cha kuchota maji na nani anachota bila kibali. Mkuu wa shule anajua jambo ambalo halipo kwenye ripoti yoyote: siku maji yanapoingia watu hukimbilia wapi kwanza, nani hubaki nyuma akilinda mahindi yake darini, na ni mama yupi wa mtaa ambaye akipiga kelele wengine humfuata.

Ukitaka kuona uzito wa kuwakutanisha watu wa fani tofauti, angalia upande wa wakulima na wafugaji. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilayani humohumo, watu 38 waliuawa katika mapigano ya pande hizo mbili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, ilikuwa imepitishwa mwaka mmoja kabla. Sheria ilikuwa imeshaandikwa, maafisa walikuwapo, polisi walikuwapo, na watafiti wa migogoro walikuja baadaye kwa wingi. Afisa ardhi alijua mipaka, afisa mifugo alijua malisho, hakimu alijua kesi. Kukaa mezani pamoja na kukubaliana juu ya jambo moja kabla ng'ombe hawajaingia mahindini haikuwa kazi ya mtu yeyote. Ndiyo kazi ambayo udaktari wa uongozi ungetakiwa kuifundisha. Haifundishiki kwa kumfungia mtu maktaba.

Kuna pia mfano wa kazi iliyokwenda vizuri, na uko wilaya ileile. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, viliingia kwenye mpango wa mkaa endelevu ulioongozwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA. Msitu wa kijiji uligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti, kimoja kinavunwa, jirani yake kinaachwa, na kilichovunwa hakirudiwi hadi miaka 24 ipite. Ushuru uliingia kijijini, ukajenga madarasa na zahanati. Hakuna fani moja ingeutunga mpango huo. Mtu wa misitu alihesabu miaka, mwanasheria akatengeneza sheria ndogo, mhasibu akafundisha kamati kuandika risiti, na mchoma mkaa mwenyewe akasema ni mti gani ukikatwa unachipua na upi unakufa. Wangekuwa wanafunzi, wangestahili shahada, na kuigawa kwa majina ingekuwa balaa.

Hapo kwenye kugawa majina ndipo penye kitanzi, na nisingependa kupaharakisha.

Kila aliyepita chuo chetu anazijua kazi za vikundi. Mhadhiri anagawa watu kumi kumi kwa sababu ana wanafunzi mia nne na hawezi kusahihisha karatasi mia nne. Wawili wanafanya. Mmoja anachapa. Saba wanatuma jina na namba ya usajili saa nne usiku, mmoja wao akisisitiza jina lake liandikwe vizuri. Kutegea ni sanaa ambayo tumeisomea tangu shule ya msingi, kwenye kufyeka nyasi. Ukileta mtindo huo kwenye uzamivu, tena kwa watu wenye madaraka, hutapata udaktari wa timu. Utapata dokta mmoja aliyechoka na madokta watatu wa hewa.

Na yapo mabaya kuliko kutegea. Mweke mkurugenzi na afisa wake kwenye timu moja uone. Kikao kitaanza kwa "mheshimiwa tunakusikiliza" na kitaisha kwa "kama alivyosema mheshimiwa". Afisa ataandika, mheshimiwa atasoma kwenye simu akiwa safarini, atasema neno moja libadilishwe, na jina lake litatangulia. Hatusemi haya hadharani, lakini tunajua kwamba wapo wakubwa ambao hata tasnifu zao za peke yao waliandikiwa, na aliyeandika alilipwa kwa bahasha. Timu isiyo na kanuni ingewarahisishia kazi tu. Wasingehitaji tena bahasha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ningeiandika kwa wino mzito: bosi na aliye chini yake wasikae timu moja. Watoke ofisi tofauti, ikibidi hata wizara tofauti, ili hakuna anayemwandikia mwenzake tathmini ya utendaji ya mwaka. Ya pili, kila mmoja aulizwe peke yake juu ya kazi nzima. Si juu ya sura yake. Mhandisi aingie mbele ya jopo bila wenzake na aulizwe kwa nini wafugaji wamekataa njia mpya ya mifugo. Afisa mifugo aulizwe tuta lina mteremko gani na kwa nini. Anayetegea hawezi kuuvuka mtihani huo, hata akiwa na ufasaha wa kampeni. Ya tatu, timu iweke daftari la kazi tangu siku ya kwanza: nani alikwenda wapi, nani aliandika nini, walibishana juu ya nini na waliamua vipi. Mabishano hayo kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko ripoti yenyewe, maana yanaonyesha kama mtu anaweza kuongozwa na hoja ya mtu asiye na cheo chake.

Watetezi wa tasnifu ya zamani wana neno la kusema, na wasikilizwe. Wanasema udaktari ni mchango mpya katika maarifa, na ripoti kwa halmashauri si maarifa mapya; ni kazi ya mshauri mwelekezi, na washauri tunao. Wana hoja. Kuna kazi ambazo mtu mmoja akikaa nazo miaka mingi huona ambacho timu isingekiona. Mwanaanthropolojia Thomas Beidelman alianza kukaa na Wakaguru, kwenye milima iliyokuwa ndani ya wilaya ya Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na akaendelea kuandika juu yao karibu maisha yake yote. Timu ya miezi kumi na miwili isingefika alikofika. Lakini mkurugenzi wa halmashauri si Beidelman wala hataki kuwa. Hana miaka hiyo.

Na hata hiyo miaka mitatu ya kawaida mara nyingi hana. Hili wenzetu wa Nashville hawakuhitaji kulifikiria, ila sisi lazima. Hapa kwetu kuna mkeka, yaani orodha ya uteuzi na uhamisho. Jioni moja unatoka, jina lako limo, kesho kutwa unaripoti Katavi. Au jina lako halimo, na uteuzi wako umetenguliwa. Ukiwa unafanya utafiti peke yako juu ya tuta la Mkondoa, utafiti umehama na wewe, au umekufa. Takwimu zako ziko kwenye kompyuta ya mezani ambayo mrithi wako amekabidhiwa pamoja na funguo za gari. Ukiwa katika timu ya wanne, mmoja akipelekwa Katavi watatu wanabaki. Yule wa Katavi ataandika sehemu yake akiwa huko, atajiunga na kikao kwa simu, na atarudi kutetea. Sijasikia sababu yenye nguvu kuliko hii ya kutaka udaktari wa viongozi Tanzania uwe wa timu, na ajabu ni kwamba katika mijadala ya wasomi haitajwi. Labda kwa sababu mkeka ni jambo la kuongelea kwa sauti ya chini.

Lugha nayo. Ripoti ya jopo inaweza kuwa ya Kiingereza kama chuo kinataka. Ile ya mwenyeji iwe ya Kiswahili, si muhtasari wa ukurasa mmoja bali ripoti yenyewe, yenye hesabu na ramani, inayoweza kusomwa mbele ya baraza la madiwani na kuulizwa maswali. Ratiba ifuate kalenda ya halmashauri, siyo ya chuo. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mipango ya mwaka unaofuata hupita kwenye vikao vya halmashauri katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Timu ikianza kazi Februari na kumaliza Februari nyingine, mapendekezo yake yanakuta bajeti imeshafungwa na watu wameshagawana vifungu. Ikianza Julai, ikawa na matokeo ya awali Desemba, diwani wa Magomeni anaweza kusimama na karatasi mkononi na kuuliza kwa nini hakuna hata shilingi ya kurudishia udongo kwenye tuta.

Limebaki swali la jopo. Wapo wanaopendekeza kwamba mwenyeji, yaani mtu wa Kilosa mwenyewe, awe na kura ya kuamua nani awe dokta. Sikubaliani nao. Mwenyekiti wa kitongoji ni jirani wa afisa mifugo, watazikana. Usimpe mzigo wa kumnyima jirani yake shahada, maana hatamnyima. Mpe kitu kingine: nafasi ya kuuliza kabla jopo halijapiga kura, kwa Kiswahili, mbele ya wote, na kanuni kwamba swali lake lazima lijibiwe na yule ambaye fani yake haihusiki. Akiuliza, "Mvua za mwaka huu zikichelewa na maji yasije, nani atapita kukagua lile tuta, na atalipwa kutoka kifungu gani?" ajibu mkuu wa shule. Akitazama dari, jopo liahirishe, na wote wanne wapande basi wakamtafute mhasibu.